Napenda Kuogelea

Mdogo wangu hajui kuogelea. Mimi pia sijui, mama yake hajui, na katika ukoo wetu wote namkumbuka mtu mmoja tu aliyejua: mjomba aliyekulia Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kabla hajapanda huku milimani kuoa. Maji ya Rungwe hayamwiti mtu kuogelea. Yanashuka ya baridi kiasi cha kuuma meno, na mito yetu inakimbia juu ya mawe. Ukienda pale Daraja la Mungu ukautazama mto Kiwira unavyopenya chini ya mwamba, utaelewa kwa nini tulipokuwa wadogo tulikatazwa hata kuchezea ukingoni.

Pamoja na hayo, jioni moja ya Aprili, mvua ikipiga bati, huyu mdogo wangu alikaa mbele yangu kwenye kibaraza cha kwao, akanyoosha mgongo, akaniangalia usoni na kusema kwa Kiingereza: "My hobby are swimming, reading novels and travelling."

Nikamwambia, "Hobbies. Umetaja vitu vitatu. My hobbies are."

Akarudia. Safari hii ilikuwa sahihi. Tukaenda swali linalofuata.

Ni mtoto wa mama yangu mdogo. Alimaliza kidato cha nne miaka miwili kabla, na alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi katika hoteli moja mjini Mbeya, mwendo wa kilomita kama 70 kutoka Tukuyu. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuoni kukusanya data za tasnifu yangu ya umahiri. Ninasoma isimu, na ukoo mzima unaamini kwamba isimu maana yake ni kujua Kiingereza sana. Nimeacha kubishana. Kila nikija naletewa kazi: barua ya maombi ya kusahihisha, mtoto wa jirani na daftari lake, mzee anayetaka kusomewa maandishi kwenye kopo la dawa ya ng'ombe. Kwa hiyo tulikaa na mdogo wangu jioni tatu mfululizo, mimi nikiwa msaili, yeye msailiwa, mama yake akipita na kurudi na beseni, akitutazama kama watu waliopandwa na pepo mpole.

Siku ya safari alivaa blauzi yangu. Aliporudi aliivua kwanza, akaikunja vizuri, akanirudishia, ndipo akasimulia.

Wasaili walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Kisha yule mama akamwuliza, kwa Kiingereza, ni riwaya gani amesoma hivi karibuni. Mdogo wangu amewahi kusoma riwaya. Shuleni kwao walisoma Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, na angeitaja hiyo tu, mambo yangekwisha. Lakini alikuwa anajua kwamba orodha nzima aliyoitoa haikuwa yake, na ukishajua hivyo hata kile kidogo kilicho chako kinapotea. Kichwa kikawa cheupe. Yule mama akangoja, akatabasamu, akahamia Kiswahili: "Na huko Tukuyu mnaogelea wapi?"

Wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka, na hicho ndicho kilichomuuma zaidi, kwamba alicheka pamoja nao.

Kazi hakuipata. Sidai kwamba aliikosa kwa sababu ya kuogelea. Walioitwa walikuwa wengi na nafasi ilikuwa moja. Ila usiku ule jikoni, akipuliza moto, aliniambia bila hasira yoyote: "Dada, ulinirekebisha wingi tu."

*

Sentensi hiyo haijanitoka kichwani. Nimejaribu kujitetea kwa njia kadhaa, na njia ya kwanza ni ya kisomi. Nilijiuliza: kwani tulidanganya?

Agostino, mtu wa Thagaste, mji uliopo leo nchini Algeria, aliandika kitabu kizima juu ya uongo kwenye mwaka 395 hivi. Humo anatenga utani, kwa sababu anayetania haonekani kutaka kumdanganya mtu. Kwake, uzito wa uongo uko kwenye nia: mtu anajua moyoni kwamba jambo liko hivi, na kwa makusudi analisema vile ili mwenzake apotee. Kwa kipimo hicho, sentensi ya mazoezi haina hatia. Mwanafunzi anayesema kwa Kiingereza kwamba paka yuko juu ya mkeka hahitaji kuwa na paka. Ni kama mchezaji anayepiga penalti saa kumi na mbili asubuhi, uwanja mtupu, golini hakuna mtu. Hajamfunga yeyote.

Nilikumbuka darasa letu la kidato cha kwanza. Mada ilikuwa kueleza unachopenda na usichopenda, na mwalimu alikuwa ameandika ubaoni maneno ya kuchagua: kuogelea, kusoma, kusafiri, kutazama televisheni, kusikiliza muziki. Tukasimama mmoja mmoja. Kijana aliyeuza maparachichi stendi kila baada ya masomo, akikimbilia madirisha ya mabasi yanayotoka Kyela, alisema anapenda kusafiri. Msichana ambaye kwao hapakuwa na umeme alisema anapenda televisheni. Mimi nilisema kuogelea. Mwalimu alitujua wote, alijua nyumba zetu na mashamba yetu, na hakudanganyika hata kidogo. Alichosahihisha kilikuwa matamshi.

Basi hapakuwa na uongo. Agostino ametuachia huru. Lakini kadiri nilivyolifikiri darasa lile ndivyo lilivyonikosesha raha, kwa sababu niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona nikiwa ndani yake. Miaka minne ya sekondari, kisha miwili, kisha chuo, nimeongea Kiingereza mbele ya watu wengi wenye kalamu nyekundu, na karibu mara zote nilipokosea nilikosea sarufi. Sikumbuki mwalimu aliyeniambia, "Sentensi yako ni sahihi, ila si kweli." Tulijifunza lugha ambayo ndani yake hakuna anayekudai ukweli. Unadaiwa wingi, unadaiwa wakati uliopita, unadaiwa herufi kubwa mwanzoni.

Linganisha na nyumbani. Nikisema neno la uongo kwa Kinyakyusa mbele ya mama mdogo, hata dogo, hata la kujipamba kidogo tu, halifiki mwisho wa sentensi. Atalikamata. Anamjua aliyekuwepo, anajua siku yenyewe ilikuwa na mvua au haikuwa, anajua kwamba mimi na huyo ninayemsifia hatukupatana tangu shule ya msingi. Kosa la sarufi analipuuza (Kinyakyusa changu kimejaa Kiswahili, na huwa ananicheka, basi). Kosa la ukweli halipiti. Kiswahili kiko katikati: kinanidai vyote viwili kwa kiasi, inategemea niko na nani.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo anaingia kwenye chumba cha usaili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake anakutana na mtu anayesikiliza Kiingereza chake kama maneno ya kweli. Golini kuna mtu. Hakuna aliyemwambia kwamba mazoezi yamekwisha. Aliyepaswa kumwambia alikuwa amekaa naye kibarazani jioni tatu, akinywa chai.

*

Njia ya pili ya kujitetea ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilinipeleka kwenye makaratasi yangu mwenyewe.

Nilipoomba nafasi ya masomo ya umahiri na ufadhili, fomu moja ilikuwa na sehemu ya kueleza mambo ninayopenda nje ya masomo. Niliandika kwa Kiingereza safi kwamba napenda kupanda milima na kujitolea katika jamii. Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 3,000, nimeupanda mara moja, na vijana wa kanisani, nikiwa kidato cha tano. Nilirudi na homa na viatu vilivyopasuka, nikaapa kwamba mlima huo nitautazama kutoka dirishani. Kujitolea katika jamii ni kule kupika msibani, ambako kwetu hakuitwi kujitolea; usipokwenda utasemwa mpaka ufe, na ukifa watu watakuja wachache.

Mimi sikuulizwa. Hakuna aliyeniuliza ni mlima gani nilipanda mwisho. Nikapata nafasi, nikapata fedha, na sasa ninaandika makala juu ya maadili. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, waliandika juu ya jambo waliloliita bahati katika maadili: watu wawili wanafanya kosa lilelile, mmoja anaumbuka kwa ajali asiyoipanga, na dunia inawahukumu tofauti. Nilikuwa nimewasoma kwa ajili ya mtihani. Sikujua kwamba mfano wao ungekuja kulala chumba kimoja nami, akivuta blanketi.

*

Baada ya hapo nililigeukia swali lenyewe. Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki mwaka 2022, alikuwa na ushauri ambao naupenda kwa sababu hauhitaji maktaba. Swali lolote la falsafa lililokufikia kwa lugha ya kigeni, lipeleke kwenye lugha yako uone kama bado linasimama. Yeye alifanya hivyo na maswali makubwa, ya ukweli na ya akili na mwili. Mimi nililipeleka hili dogo: hobi yako ni nini?

Kwa Kiswahili lilianza kuyumba papo hapo. Kamusi zitakupa "uraibu". Mwulize kijana yeyote Dar es Salaam leo uraibu ni nini atakwambia dawa za kulevya. Waraibu ndio wanaopelekwa kliniki. Zamani neno hilo lilikuwa la starehe ndogo, tumbaku na tambuu, kitu cha kujiburudisha baada ya chakula. Ukimwuliza mtu kwenye usaili uraibu wake ni nini, anaweza kudhani umepata taarifa zake mbaya. Kwa hiyo tunasema kwa kuzunguka: vitu unavyopenda kufanya wakati wa mapumziko, muda wa ziada. Na hapo tumeshaingiza jambo jipya bila kugonga hodi, yaani kwamba kuna muda wa aina mbili, wa kazi na wa ziada, na kati yao kuna ukuta.

Nilikwenda kwa mama mdogo, aliyekuwa anachambua maharage, nikamwuliza kwa Kinyakyusa anapenda kufanya nini akiwa hana kazi.

"Sina kazi kwa vipi?"

"Ukiwa umepumzika."

Akafikiri. "Ukiniona sina kazi, ujue naumwa au kuna msiba. Na msibani kuna kazi."

Nikamwuliza tena kwa namna nyingine: kitu gani kinamfurahisha, akikifanya moyo unatulia? Hapo hakufikiri. Alisema kukaa na wenzake, na neno alilolitumia lilikuwa ukwangala.

Neno hilo nilikuwa nimelisikia tangu utotoni bila kulitilia maanani. Uzito wake niliuona chuoni, na hii ni aibu nyingine ninayoiweka mezani, niliuona ndani ya kitabu cha Kiingereza. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, aliishi huku na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, na mwaka 1951 akachapisha kitabu alichokiita Good Company, akijaribu kulitafsiri neno hilohilo kwenye jalada. Anaeleza vijiji vya marika: wavulana wa umri wa miaka kama kumi walihama nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakakua pamoja, wakaoa, wakazeeka pamoja. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, lakini kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Na ukwangala ndilo lililokuwa tunda la mpango huo wote: kukaa na wenzako wa rika, kula nao, kuzungumza, kupata adabu na akili kutokana na mazungumzo. Mtu anayekula peke yake na kukaa peke yake alitiliwa shaka.

Sitaki kulipamba hili. Vijiji hivyo vilikuwa vya wanaume. Wanawake walifika humo kwa kuolewa, na nadhani bibi zangu wangekuwa na la kusema kuhusu nani alikaa akizungumza na nani alikuwa jikoni. Vilevile watu waliokaa karibu kiasi hicho walijua pia kushukiana uchawi, Wilson naye halifichi. Ninachosema ni kidogo tu. Kilichokuwa burudani kubwa kuliko zote kwenye milima hii hakina jina kwenye ubao wa darasa letu la kidato cha kwanza, na kitabu kilichoandikwa juu yake kwa Kiingereza kilikuwa rafuni miaka hamsini na zaidi kabla mimi sijasimama na kusema napenda kuogelea.

Wala si Kiingereza pekee chenye kosa, ningependa iwe hivyo ili makala iwe rahisi. Kiswahili cha pwani kina neno zuri, kubarizi, kukaa barazani na watu mkazungumza, na halina aibu ndani yake. Lakini Kiswahili hichohicho kimetupa "kijiwe", na kijana akisema anashinda kijiweni, baba anasikia bangi. Tuna "kupiga soga", tuna "kupoteza muda". Mwalimu Nyerere alicheza bao, na kwa saa zake za faragha akatafsiri Shakespeare: Juliasi Kaizari, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. La tafsiri tunalitaja kwa heshima kwenye mihadhara. La bao tunalitaja tukitabasamu, kama jambo la mzee. Kuna mapumziko yenye cheti na mapumziko yasiyo na cheti, na tulishaanza kuyapanga hivyo kwa lugha yetu wenyewe.

Hobi yenyewe, kwa asili yake ya Kiingereza, ilikuwa farasi mdogo. Baadaye ikawa farasi wa mchezo, kijiti chenye kichwa cha farasi ambacho mtoto hukipitisha katikati ya miguu na kukimbia nacho uani, na kutoka hapo ndipo ikaja maana ya jambo ambalo mtu mzima analipenda bila kulipwa. Nilipojua hivyo nilicheka peke yangu maktaba. Maana sisi tulikuwa na farasi. Tulibandua gamba la mgomba, pana, lenye utelezi kwa ndani, tukalikalia, mwenzako akakusukuma, ukateremka mteremko mzima wa matope mpaka kwenye mahindi ya watu. Tukuyu inapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Matope hayakuwahi kukosekana. Tulirudi tumepakaa mpaka masikioni, tukachapwa, kesho yake tukarudi. Katika watoto zaidi ya arobaini wa darasa lile, ninaapa hakuna ambaye hakuwahi kukalia gamba la mgomba. Hakuna aliyelitaja. Hatukujua linaitwaje kwa Kiingereza, na mpaka leo sina hakika.

*

Nilimweleza mdogo wangu haya yote, si kwa mpangilio huu, na bila Agostino. Nilidhani ninamwomba msamaha. Alinisikiliza akiwa anapiga pasi ya mkaa, kisha akauliza swali ambalo bado sijalijibu vizuri.

"Sawa dada. Ningewaambia ukweli, kwamba Jumamosi nakaa na mama na mama mkubwa tunamenya ndizi tunaongea, wangeniajiri?"

Nikasema labda.

"Labda," akarudia, kwa sauti ambayo mtu huitumia anaposhika noti bandia.

Ana hoja, na sitajifanya haina nguvu. Ni rahisi kwa aliyekwisha kuvuka mto kumhimiza aliye ng'ambo aseme kweli. Mimi nilivuka kwa mlima ambao siupandi. Anayeuliza "unafanya nini muda wako wa ziada" ana mshahara, ana wikiendi, na ana nguvu ya kuamua jibu lipi ni la mtu aliyestaarabika. Kumdai ukweli aliye mnyonge katika chumba hicho, bila kumdai yule mwenye kiti chochote, ni namna ya uonevu inayovaa mavazi ya maadili. Sijui kama yule mama aliyecheka anaogelea. Sijui yeye aliandika nini kwenye wasifu wake siku zake.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ndani ya swali lake, na nililisikia baadaye, nimelala. Alisema "ningewaambia ukweli" kama mtu ambaye ukweli anao tayari, kwa Kiingereza, mfukoni, akaamua kuuficha. Hakuwa nao. Wala mimi sikuwa nao. Tungetaka kusema kweli jioni ile ya Aprili, tusingeweza. Hatukuwa na sentensi. "Sitting with people" inasikika kama mtu anayengoja basi. "Chatting" ni ya simu. "Spending time with family" ipo kwenye kila wasifu duniani na haina ndizi ndani yake. Kusema uongo kwa Kiingereza kulikuwa rahisi kwa sababu uongo ulikuja umeshatafsiriwa, ubaoni, kwa chaki. Ukweli ungetubidi tuutengeneze wenyewe, kazi ya mikono, neno kwa neno. Na hiyo ndiyo kazi niliyomnyima. Nilikuwa na jioni tatu.

Neno shule, kwa njia, lilitufikia kupitia Wajerumani, waliokuwa na boma lao hapahapa Tukuyu wakiuita mji Neu-Langenburg. Wao walilipata kwa Kilatini, na Kilatini kwa Kigiriki, ambako maana yake ya kwanza ilikuwa mapumziko, muda ambao mtu hana shuruti. Nilimwambia mdogo wangu. Akasema basi Wagiriki hawakuwahi kwenda shule ya kutwa kwa miguu kwenye mvua.

*

Mwezi wa saba aliitwa tena, safari hii na watu wanaonunua maparachichi ya kusafirisha nje. Kazi ya kuandikisha wakulima na mizigo. Akanifuata. Kiangazi kilikuwa kimeingia, kile cha kwetu chenye ukungu asubuhi na baridi ya kuvaa sweta mbili, na tulikaa kibarazani palepale. Mama mdogo na mama yangu walikuwa wamekaa kwenye mkeka hatua mbili kutoka kwetu, beseni la maji katikati, ndizi mbichi zimerundikwa, visu mkononi.

Nilimwuliza swali la kwanza, la pili. Nilipofika kwenye lile, tulicheka wote wawili kabla hajajibu.

Kisha akajaribu. Ilichukua muda mrefu. Aliuliza kumenya ni nini kwa Kiingereza, nikampa. Aliuliza kama ndizi za kupika zinaitwa sawa na za kuiva, nikamwambia kuna neno lakini aliyekaa mbele yake Mbeya au Dar huenda asilijue, achague. Alitaka kusema kwamba wanaongea mpaka giza linaingia, na kwamba humo ndimo anamojua habari za watu wote: nani ameuza chai, nani ng'ombe wake amezaa, nani hasalimiani na nani. Nilimwambia hilo la mwisho ni sifa kubwa kwa mtu anayetaka kuandikisha wakulima. Alinitazama kuona kama natania. Sikuwa natania.

Mwishowe akanyoosha mgongo na kulisema lote: kwamba kila Jumamosi anamenya ndizi na mama yake na mama yake mkubwa, wanazungumza mpaka usiku, na anawajua karibu watu wote wa vijiji vitatu. Kulikuwa na makosa mawili ya sarufi. Moja nililisahihisha.

Mama mdogo alikuwa amesimamisha kisu. "Amesema nini?"

Nikamtafsiria, neno kwa neno.

Akamgeukia mama yangu, kisha akanigeukia mimi. "Anamenya? Huyu? Mwandikie vizuri. Anamenya tatu, simu inaita, anaondoka."

"Mama!"

"Tatu," akasema mama mdogo, na mama yangu akatikisa kichwa kukubali. "Nne zikizidi sana."

Mdogo wangu akanitazama, nami nikamtazama. Akavuta pumzi, akarudi mwanzo wa sentensi.